Skechi ya dakika mbili haina kope, sasa unaangalia nini?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi niko Mwanza, nachora potreti za penseli kutoka kwenye picha za simu, moja naweza kukaa nayo wiki nzima mpaka kope na vinyweleo vya ndevu vionekane, na wateja wanazipenda. Juzi rafiki yangu ambaye naye anachora kanionyesha daftari lake, watu wamechorwa harakaharaka, dakika mbili mbili, mistari imepishana, wengine hawana hata uso, afu anasema zina uhai kuliko za kwangu. Nimekutumia picha za mbili, ya mzee anafunga kiatu na ya dada amesimama. Kusema kweli mimi naona kazi ambayo haijaisha. Je, mimi ndo sijui kuangalia au jamaa anajifariji tu?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeziangalia zote mbili, nikazikuza kwenye simu mpaka nikaona chembechembe za karatasi. Moja ni nzuri kweli, nyingine ni ya kawaida sana, na nadhani hata rafiki yako mwenyewe hajui ipi ni ipi. Nitafika huko, ila kwanza tuongelee jicho lako.

Wewe umezoea swali moja tu, kafanana hajafanana. Mteja anakuja kuchukua picha ya marehemu mama yake, anaangalia macho, anaangalia ule mwanya wa meno, akiukuta anakulipa na anaondoka anafuta machozi. Hiyo ni kazi ya heshima na asije mtu akakuambia ni kunakili tu. Ila ukweli ni kwamba picha ya simu ilishakufanyia nusu ya kazi kabla hujachonga penseli, manake mtu mwenye mwili, anayepumua, anayehamisha uzito toka mguu huu kwenda ule, simu imeshamlaza kwenye bapa, imeshamgandisha, imeshaamua mwanga utoke wapi, wewe unapiga gridi yako, ile miraba ya kupimia, unaanza na jicho la kushoto unashuka taratibu. Unaweza kwenda kunywa chai ukarudi, jicho liko palepale. Sasa mtu anayechora mzee aliyeinama kufunga kiatu hana hiyo nafasi, kiatu kikishafungwa mzee kanyanyuka na biashara imeisha. Inabidi achague. Kwenye dakika mbili huwezi kuweka kila kitu, kwa hiyo kila mstari uliopo pale umepigiwa kura na kila kilichokosekana kimeachwa, ama kwa makusudi ama kwa kukosa muda, na utamu wa kuangalia skechi uko hapo, kuona jamaa aliona nini kwanza na akaacha nini.

Na usiseme huwezi kusoma mchoro usio na kope, kila ukifungua gazeti unasoma katuni ya Kipanya na hujawahi kulalamika.

Haya, tuchukue ile ya mzee. Iweke mbele yako tuiangalie pamoja. Usianze na uso, hamna uso pale. Tafuta mstari wa kwanza, yaani ule ambao bila shaka aliupiga kabla ya mingine yote. Mara nyingi ni mrefu, umepigwa bila kuinua mkono, na mistari mingine yote imekuja kuuegemea. Hapa ni huu unaoanzia kisogoni, unapanda juu ya mgongo, unashuka hadi pale alipokaa kwenye kreti ya soda. Mmoja tu, hajaunganisha vipande. Sasa ufuatilie kwa macho polepole uone unabadilika: shingoni ni mwembamba, ukifika kwenye bapa la bega unakuwa mweusi na mnene kwa sababu pale ndo shati limevutika kweli, ukishuka kiunoni unafifia mpaka unakaribia kupotea, afu unarudi kwa nguvu pale makalio yanapogusana na kreti. Yaani umekolea sehemu mbili tu, pale palipovutika na pale palipobeba uzito. Hakuna mtu aliyemwambia fanya hivyo, mkono ulikandamiza penyewe kwa sababu kichwani alikuwa anausikia ule uzito.

Hiyo ndo sababu penseli inapendwa sana kwa kazi hii. Peni ya bolpoini mstari wake unakaribia kulingana mwanzo mwisho hata ukandamize, penseli haifichi kitu. Fikiria tofauti ya meseji ya kuandika na voisi noti, maneno yanaweza kuwa yaleyale lakini kwenye voisi noti unasikia mtu anahema, anasita, anacheka katikati, unajua kama alikuwa anatembea au amekaa. Mstari wa penseli uliopigwa haraka una hayo yote ndani yake, na wewe ukikaa wiki nzima unalainisha shedi kwa tishu mpaka karatasi inateleza, unayafuta moja moja.

Kwa kifupi tu historia yake, manake inachekesha kidogo, penseli ya aina hii tumeipata kwa sababu ya vita. Grafaiti safi, ile kitu nyeusi ya ndani ya penseli, ilikuwa inachimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, Ufaransa ikawa inapigana na Uingereza ikakosa mzigo, ndipo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795 akaja na njia yake ya kuchanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi halafu anachoma. Ukizidisha udongo unapata penseli ngumu yenye mstari wa kijivu, ukipunguza unapata laini na nyeusi. Ndo hizo H (ngumu) na B (laini) unazonunua dukani. Rafiki yako naona katumia kitu kama 4B au 6B, yaani laini sana, na kaishika mbali na ncha, si unaona mistari mirefu haina kutetemeka kwa vidole? Imetoka begani ile.

Turudi kwa mzee. Angalia goti. Limechorwa mara tatu na wewe nadhani ndo palipokukera. Mstari wa kwanza mwepesi uko juu mno, wa pili umeshuka, wa tatu umekolea na ndo alioukubali. Hajafuta. Kufuta kunakula muda, halafu ukifuta unaondoa pia habari ya kwamba goti lilikuwa linatafutwa, na ajabu ni kwamba jicho la mtazamaji likikuta mistari mitatu halioni magoti matatu, linaona goti moja ambalo bado linasogea. Hii kitu ni ya zamani sana wala siyo fasheni ya vijana wa mitandaoni. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia wa miaka mia tano iliyopita, aliwashauri wachoraji watembee na kadaftari kadogo wawachore watu njiani wanavyoongea, wanavyogombana, wanavyocheka, kwa mistari michache ya harakaharaka. Na kuna karatasi yake iko British Museum, London, Bikira Maria na mtoto aliyekumbatia paka, mistari imerundikana pale mpaka vichwa huwezi kuvihesabu. Alichofanya, aligeuza karatasi upande wa nyuma akafuatilia ile mistari aliyoikubali tu. Kwa hiyo upande mmoja unamwona Leonardo anatafuta na upande wa pili unamwona ameamua, na mimi ukiniambia nichague upande mmoja wa kuangalia nitachukua ule mchafu bila kufikiria mara mbili, ingawa yeye mwenyewe labda angenishangaa.

Kitu kingine kwa mzee: tumbo halijachorwa kabisa. Kuna vimikunjo vitatu vifupi vya shati na basi. Lakini unajua tumbo lipo na limebanwa, na unajua anaona tabu kuinama hivyo. Barakashia nayo, haina uso chini yake ila imeinamishwa kiasi kwamba unajua anaangalia kiatu. Huo ni uchaguzi wa mtu aliyeona kitu. Sasa nisimsifie kupita kiasi, mikono imemshinda, imekuwa rundo la mistari tu, na mguu wa kushoto unaelea hewani hauna chini. Skechi nzuri inaweza kubeba makosa ya hivyo ikabaki nzuri, potreti yako haiwezi, jicho likikosewa milimita mbili mteja anakurudishia.

Ile ya dada aliyesimama sasa. Hapa ndo nakupa kipimo ambacho unaweza kutembea nacho kokote. Mtu akisimama kaegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda, bega la upande huohuo linashuka, na kile kishimo cha chini ya koo kinakuja kukaa karibu juu kabisa ya kifundo cha mguu uliobeba. Jisimamie mbele ya kioo ujaribu, mwili wenyewe utakuonyesha. Kwa hiyo ukikutana na skechi ya mtu aliyesimama jiulize tu, nikimkata mguu gani ataanguka? Ziba miguu kwa kiganja, angalia mabega na kiuno peke yake, kama bado unaweza kusema uzito uko kushoto au kulia basi mchoraji alikuwa anaangalia kweli. Ziba ya dada uone. Huwezi kusema. Kiuno kimekata kushoto, bega nalo limeenda huko juujuu, kishimo cha koo kiko katikati ya hewa kati ya miguu miwili. Amechora mkunjo wa S mzuri, wenye madoido, halafu akamvalisha khanga juu yake. Hata khanga yenyewe ingemsaidia kama angeiangalia, manake upande wa nyonga iliyopanda inavutika na kukaza, upande wa pili inalegea na kushuka mikunjo mirefu, yeye kaweka mikunjo pande zote sawasawa.

Hapo sasa nikubaliane na wewe nusu. Skechi nyingi za haraka ni mbovu. Nasema nyingi, za kwangu zimo na za wanafunzi wangu zimo, na watu kibao mitandaoni wamejifunza mikunjo mitatu minne ya kuvutia wanairudiarudia, inaonekana ya papo kwa papo kumbe ni ya kukariri. Kumgundua ni rahisi, chukua skechi zake tano ziweke pamoja, kama watu wote watano wanasimama vilevile, mama muuza samaki na askari na mtoto wa shule wote wana kiuno kilekile, basi huyo anachora mkono wake, hachori watu. Ile ya kweli lazima itakuwa na kitu kigumu kigumu hivi, kisichopendeza, ambacho mchoraji asingekibuni, kama ule mguu mmoja ambao mtu mwenye goti bovu anaunyoosha mbele akikaa.

Na kasi yenyewe watu wanaipa sifa isiyo yake. Baudelaire, yule mshairi Mfaransa, aliandika mwaka 1863 kwamba mchoraji Delacroix aliwahi kumwambia kijana mmoja kuwa kama huwezi kumchora mtu anayejirusha dirishani ghorofa ya nne kabla hajafika chini, kazi kubwa hutaziweza. Ghorofa ya nne ni kama sekunde mbili tu hivi, hapo hata shingo hujamaliza. Lakini nadhani mzee Delacroix alikuwa anasema kuhusu kuona kuliko mkono, yaani ukishamwelewa yule mtu katika hizo sekunde, kuchora hata ukija kuchora baadaye siyo shida. Kimon Nicolaïdes aliyekuwa anafundisha shule ya sanaa ya Art Students League kule New York, na masomo yake yakatoka kitabu mwaka 1941 yeye keshafariki, aliwafundisha wanafunzi wachore kile mtu anachofanya, waache kuchora anavyoonekana, penseli inazunguka bila kusimama hadi wapate kuvutika na kusukuma kwa mwili mzima. Madarasa mengi ya kuchora watu duniani bado yanaanza hivyohivyo, sekunde thelathini, dakika moja, mbili, tano, ndo wanaingia mkao mrefu.

Mtu ninayempenda zaidi kwa mambo haya ni Rodin, yule mchongaji wa Paris. Watu aliokuwa anawachora alikuwa hawakalishi wakaganda, anawaacha wanatembea tembea kwenye karakana wanajinyoosha wanafanya yao, yeye macho hayatoki kwao, penseli inakwenda kwenye karatasi bila kuangalia inapokwenda. Julai 1906 Mfalme Sisowath wa Kambodia alikwenda Ufaransa na wachezaji ngoma wa ikulu yake, Rodin akawaona Paris, tayari ana miaka 65 na jina kubwa duniani, akachanganyikiwa nao kiasi kwamba walipoondoka kwenda Marseille naye akawafuata huko. Inasimuliwa kuwa hakuwa hata na karatasi ya kutosha akaenda kwa muuza duka kuchukua karatasi za kufungia bidhaa. Katika siku hizo chache alitoka na michoro kama 150, mingi mpaka leo iko kwenye makumbusho yake Paris. Ukiiona, nyuso karibu hakuna, vidole vimepinda kwenda nyuma kwa namna ambayo mtu ambaye hajazoea ngoma ile angesema mchoraji kakosea, mkono mmoja una mistari miwili mitatu, halafu rangi ya maji imepakwa imetoka nje ya mstari na hajali. Ila nikupe na upande wa pili usije ukadhani kila kitu kilikuwa cha ghafla, Rodin alikuwa na tabia ya kuchukua mchoro wa kwanza akauwekea karatasi juu na kuufuatilia upya kwa mstari safi kabla ya rangi. Alikuwa anachunga ule ughafla, hauachi tu uende ovyo.

Na kwa mtu wa aina yako, mtu wa kope, kuna Adolph Menzel, mchoraji wa Berlin. Huyu alikuwa anamaliza picha hadi inatisha, ile yake ya kiwanda cha chuma aliyomaliza 1875 ina wafanyakazi kibao, wengine wanaoga, wengine wanakula pembeni, moto, mashine, kila kitu kimechorwa. Lakini huyuhuyu alikuwa anatembea na koti lenye mifuko mingi ya kuwekea madaftari, anachora kokote alipo, kwa penseli nene ya fundi seremala, na mkono wa kushoto na wa kulia vyote vinachora. Michoro aliyoiacha ni ya maelfu. Sasa hao watu wa kiwandani wasingekuwa na uzito ule kama asingeenda kiwandani kuwaangalia wakifanya kazi. Kwa hiyo hakuna kambi mbili hapa, rafiki yako asikupe presha.

Unaishi Mwanza, nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi mzigo wa dagaa unaposhushwa. Usianze kuchora, simama tu uangalie mchukuzi mmoja anavyopokea gunia: kabla halijamgusa mwili unajua, miguu inatanuka, shingo inaingia, likishatua mgongoni kifua kinasukumwa mbele na kichwa kinainuka kutafuta njia. Hiyo sekunde ya kutua ndo unaitafuta. Ikitokea mara nyingi, na pale inatokea asubuhi nzima, utaanza kuiona kabla haijafika, na hapo toa daftari. Mstari mmoja toka kwenye gunia hadi kisigino cha nyuma, basi, ukipata muda ongeza mguu wa mbele. Tumia karatasi za bei rahisi, zile za bando, ukichorea karatasi ya gharama mkono utaogopa. Na uombe ruhusa mdogo wangu, hasa kwa kina mama, watu wakiona unawatazama halafu unaandika wanadhani umetumwa na halmashauri au unawapeleka mtandaoni, ukimwonyesha mtu daftari anacheka na yanaisha, wengine watakuambia kabisa "sasa mbona hujanimalizia kichwa?"

Biashara ya potreti usiiache, wala usianze kuwauzia wateja skechi kwa bei ya potreti, watakutukana. Ila nadhani baada ya muda hata zile potreti zitabadilika, kichwa kitakaa kwenye shingo na shingo itakaa kwenye mabega, manake nikisema ukweli kwenye zile ulizonionyesha mwaka jana nyuso zilikuwa safi sana lakini mabega yalikuwa yametundikwa tu chini yake.

Ukikutana tena na rafiki yako mwombe achore mtu yeyote mkiwa mmekaa wote, halafu wewe usiangalie karatasi, angalia macho yake yanakwenda kwa mtu mara ngapi na yanarudi kwenye karatasi mara ngapi. Kama muda mwingi yuko kwenye karatasi mwambie arudi kwa mtu. Na ile ya mzee muulize kama anaiuza, akikubali ichukue uiwekee karatasi safi juu yake, penseli laini inachafuka haraka ukiiacha inasuguana na kurasa nyingine. Ya dada mwachie.